Spea ni mpya, kelele imezidi: gari linavyoanza kugonga baada ya kubadilishiwa shoki na bushi nyumbani

Katika mitaa ya Kisumu kama Migosi na Kenya Re, au Section 58 kule Nakuru, si ajabu siku hizi Jumamosi asubuhi kumkuta mwenye gari ameliinua kwa jeki mlangoni pake, spana zimetandazwa juu ya gunia, simu imeegemezwa kwenye tairi la akiba ikimwonyesha video ya kazi ile ile. Spea ameagiza mwenyewe: shoki mbili za mbele, bushi za amu, pengine na linki. Jioni anashusha gari, anatoka kulijaribu, na tuta la kwanza linamjibu kwa kishindo ambacho asubuhi hakikuwepo. Neno linalofuata huwa moja: "Nimeuziwa feki."

Spea feki zipo sokoni, hilo halina ubishi. Lakini kelele iliyoanza siku ile ile ya kazi mara nyingi ina asili nyingine. Ama spea nzuri imefungwa vibaya, ama imefungwa vizuri na kumfichua jirani yake aliyechoka. Watu huchanganya mambo hayo, wakarudisha dukani spea zisizo na kasoro, au wakanunua seti ya pili na kuifunga vile vile walivyofunga ya kwanza.

Majina kwanza

Saspensheni ni jumla ya vitu vinavyoyashikanisha magurudumu na bodi ya gari, huku vikiyaacha yapande na kushuka. Springi ndiyo inayobeba uzito. Shoki haibebi uzito. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya tuta. Kwenye gari ndogo zilizojaa huku kwetu, Vitz, Fielder, Demio, Note, shoki ya mbele na springi yake zimevikwa pamoja zikawa mguu mmoja uliosimama, mtindo unaoitwa MacPherson kwa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson.

Juu kabisa ya mguu huo kuna maunti, raba nene inayoushika mguu kwenye bodi, pamoja na bearingi inayouwezesha kuzunguka unapokata usukani. Chini kuna amu, mkono wa chuma unaolizuia gurudumu lisikimbie mbele, nyuma wala kando. Amu hushikwa kwenye fremu kwa bushi, yaani raba iliyobanwa kati ya vikombe viwili vya chuma, na upande wa gurudumu hushikwa kwa boljointi, kichwa cha mviringo kinachogeuka ndani ya kikombe chake. Mwisho kuna stabilaiza, fimbo ndefu inayotoka upande wa kushoto hadi wa kulia ili gari lisilale sana kwenye kona. Ncha zake huungwa na vijiti viwili vifupi, na hivyo ndivyo linki.

Uliza "lini" kabla ya kuuliza "wapi"

Sikio hudanganyika upesi chini ya gari. Bodi ni chuma, na chuma hupitisha sauti mbali. Kishindo cha mguu wa kushoto kinaweza kusikika chini ya nyayo za dereva aliyekaa kulia. Ndiyo maana swali la kwanza la fundi mzuri ni kelele hutokea lini.

Matuta tunayo ya kutosha. Anayetoka Mamboleo kupitia Kiboswa hadi Chavakali anajua. Kwa jaribio hili, hata hivyo, tafuta barabara tulivu ya mtaani. Panda tuta kwa mwendo wa mtu anayetembea, magurudumu yote mawili ya mbele yakipanda kwa pamoja, vioo vikiwa wazi na redio imezimwa. Kisha tafuta shimo au ukingo utakaokanyagwa na gurudumu moja tu. Tofauti ya majaribio haya mawili inaeleza mengi. Stabilaiza huanza kazi pale gurudumu moja linapopanda na jingine likabaki chini. Yote mawili yakipanda pamoja, fimbo ile huzunguka tu ndani ya bushi zake bila kujipinda. Kwa hiyo gari likinyamaza kwenye tuta na kugonga kwenye shimo la upande mmoja, anza na linki na bushi za stabilaiza. Likigonga kotekote, macho yageukie shoki, maunti na amu.

Jaribio la pili halihitaji hata kutoka langoni. Gari likiwa limesimama, mtu mmoja akate usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho, mwingine aweke kiganja juu ya springi ya mbele bila kuupenyeza mkono kati ya mizunguko yake. Springi ikijikusanya kisha ikaruka kwa mshtuko na sauti kama ya waya uliokatika, bearingi ya maunti imekwama au springi haikukaa kwenye kitako chake. Mkono huhisi kitu ambacho sikio lingebahatisha tu.

Kishindo kimoja unapoanza kushika breki, na kingine unapotoka kwa kurudi nyuma, ni dalili ya bushi ya amu inayocheza au bolti ya kalipa ya breki iliyosahauliwa. Mchakacho wa barabara mbovu unaokoma ukigusa breki kidogo ni wa breki pedi, shoki haihusiki. Mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda, na kubadilika sauti ukielemea kona moja, ni wa bearingi ya gurudumu. Mikwaju ya haraka unapokata kona kali huku umekanyaga mafuta ni ya jointi ya ekseli, wala haina uhusiano na bushi ulizobadilisha. Na kabla ya yote hayo, fungua buti uhakikishe jeki na wili spana zimerudi mahali pake na kufungwa. Zikiachwa huru, mlio wake hufanana kabisa na wa saspensheni.

Bushi iliyokazwa gurudumu likining'inia

Hapa ndipo wengi wanaojifungia nyumbani hukosea, na ndipo ningependa kukaa zaidi, kwa sababu kosa hili halionekani kwa macho.

Watu wengi hudhani bushi ya raba huzunguka juu ya bolti yake, kama bawaba ya mlango. Kwa bushi nyingi za amu sivyo. Kikombe cha nje hubanwa ndani ya amu. Kikombe cha ndani hubanwa na bolti kwenye fremu hadi kisiweze kusogea hata kidogo. Kati yao kuna raba iliyogandishwa kwenye vyuma vyote viwili. Amu inapopanda au kushuka, hakuna kinachoteleza; raba ndiyo inayojisokota, kisha inarudi. Mahali ilipo wakati bolti inakazwa ndipo raba itakapopahesabu kuwa mahali pake pa kupumzikia.

Sasa fikiri gari likiwa juu ya jeki. Gurudumu linaning'inia, amu imeelekea chini kuliko inavyokuwa gari likisimama. Ukikaza bolti kwa nguvu zote hapo, umeiambia raba kwamba huko chini ndiko nyumbani. Ukishusha gari, amu inapanda na raba inajisokota kabla hujaenda popote. Ni kama fundi cherehani aliyepima mkono wa shati mteja akiwa ameinua mkono juu: akiushusha, kitambaa chote kinavuta kwapani. Kila tuta linaongeza msokoto juu ya msokoto uliopo. Bushi inalia, gari linakuwa gumu na pengine kusimama juu kidogo kuliko kawaida, na raba ambayo ingedumu miaka inachanika mapema. Mwenye gari akiitoa na kuiona imepasuka, anaapa kwamba ilikuwa feki.

Dawa yake haina gharama. Bolti za bushi zifungwe kwanza kwa kushika tu, bila kukazwa. Kisha uzito wa gari urudishwe kwenye magurudumu, ndipo zikazwe. Gereji zenye shimo la ukaguzi hufanya hivyo kwa urahisi, kwa kuwa gari limesimama kwa miguu yake na fundi yuko chini. Nyumbani unaweza kuyapandisha magurudumu juu ya mbao nene zilizo imara, upate nafasi ya kupitisha spana. Njia nyingine ni gari kubaki juu ya stendi, vile viguu vya chuma vya kulishikilia, kisha jeki kuwekwa chini ya amu karibu na boljointi na kuinuliwa pole pole hadi gari lianze kuinuka juu ya stendi hiyo. Hapo amu iko karibu na kimo chake cha kawaida.

Ikiwa tayari umekosea, usikimbilie duka. Gari likiwa limesimama chini, legeza bolti hizo hadi kikombe cha ndani kiachie, tikisa bodi, kisha kaza upya kwa kipimo. Mara nyingi kelele huondoka hapo hapo, isipokuwa kama raba imekwisha kuchanika.

Kanuni hii inahusu bushi za raba zilizogandishwa. Boljointi na linki zenye vichwa vya mviringo hugeuka zenyewe, kwa hiyo zinaweza kukazwa gari likiwa juu. Linki zina shida yake nyingine: ukiinua gurudumu moja tu, stabilaiza hujipinda, na utahangaika kuilazimisha linki iingie tunduni. Inua pande zote mbili za mbele kwa kimo kimoja na itaingia bila vita.

Nati ya juu na kipimo cha kukaza

Kishindo kikavu kwenye kila kijishimo, mara tu baada ya kubadilisha shoki za mbele, mara nyingi kinatoka kwenye nati moja: ile ya juu, inayoshikilia fimbo ya shoki kwenye maunti. Fimbo hiyo huzunguka. Ukikaza nati kwa spana ya kawaida, fimbo nayo inazunguka, mkono unahisi ugumu, unadhani umemaliza. Fimbo lazima ishikwe kileleni, kwa ufunguo wa pembe sita au kwa spana kulingana na ilivyochongwa, ndipo nati ikazwe. Nati ikibaki na nafasi ndogo tu, fimbo hupanda na kushuka ndani ya maunti na kugonga mara nyingi kwa kila mita ya barabara ya kokoto.

Angalia pia mpangilio wa vile visahani na washa. Kimoja kikigeuzwa juu chini, nati hukaza dhidi ya chuma badala ya kuibana raba. Ncha ya chini ya springi nayo lazima iingie kwenye kikomo chake, kile kitako kilichochongwa. Ikikaa juu ya kikomo, itaruka siku moja kwenye kona, na utasikia.

Kuna jambo dogo kuhusu shoki mpya ambalo video nyingi huliruka. Shoki za mirija miwili, hasa za mafuta, huwa zimelazwa dukani na ghalani kwa muda mrefu, hewa ikaingia kwenye chumba cha mafuta. Kabla ya kufunga, isimamishe shoki kama itakavyokaa garini, uibonyeze hadi chini na kuivuta hadi juu mara kadhaa, mpaka ugumu wake uwe sawa safari nzima. Ukiifunga na hewa yake, itakuwa na mahali patupu katikati, na pengine itagonga kilomita za mwanzo.

Kuhusu nguvu ya kukaza, mkono peke yake si mzani. Kila bolti ina kipimo chake, kinachohesabiwa kwa Nm (nyutoni mita), na spana ya kupimia nguvu ndiyo inayokitambua. Nati za magurudumu za Toyota nyingi ndogo, kwa mfano, hukazwa kwa Nm 103. Wapo wanaosimama juu ya wili spana na kurukaruka, na wapo wanaoacha mapema wakiogopa kukata bolti. Baada ya kilomita kati ya 50 na 100, zikague tena nati za magurudumu.

Spesa, na majirani waliozeeka

Gari nyingi za Magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa zimeinuliwa kwa spesa, vipande vya raba au chuma vinavyowekwa juu ya mguu wa shoki au kwenye springi ili tumbo lisiguse matuta wala matope ya udongo mweusi kule Ahero. Zinasaidia, sikatai. Lakini spesa ya kwenye springi huiacha shoki ikiwa imevutika zaidi hata gari likisimama, na gurudumu linabakiwa na nafasi ndogo ya kushuka. Ukitelemka kutoka tutani, shoki inafika mwisho wa urefu wake mapema na kugonga, ko, wakati gurudumu linashuka. Shoki mpya yenye nguvu inaweza kuifanya sauti hiyo isikike zaidi. Jambo la kutazama ni sekunde ya kelele: ikija gurudumu likipanda, chunguza maunti na bushi, ikija gurudumu likishuka, na gari lina spesa, umeshapata mshukiwa.

Kisha kuna majirani. Sheria ya Kenya huruhusu kuingiza gari lililotumika ambalo halijazidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo raba zake nyingi huwasili Mombasa zikiwa tayari na umri. Shoki iliyokufa huliacha gari liyumbe kwa ulaini, na linki iliyolegea hupata nafasi ya kujificha ndani ya ulaini huo. Ukiweka shoki mpya ngumu, kila mtikisiko hupita mkali zaidi, na linki ile ile ya zamani inaanza kulia. Haikuharibika Jumamosi. Ilikuwa imeharibika tangu zamani.

Kuhakikisha, gari likiwa juu ya stendi, chukua mtaimbo mdogo usukume kila kiungo mmoja baada ya mwingine, huku kidole kikigusa pale vyuma viwili vinapokutana. Linki ikishukiwa, zifungue zote mbili, zifunge kwa waya mbali na kila kinachozunguka, kisha tembeza gari mita chache polepole mtaani. Kelele ikitoweka, umemkamata. Usilipeleke hivyo barabara kuu. Litalala kwenye kona kuliko ulivyozoea.

Yanayosemwa mtaani

"Paka oili italainika." Oili ya injini na grisi ya kawaida huvimbisha na kuozesha raba nyingi. Bushi za stabilaiza zinazolia hupakwa grisi ya silikoni, baada ya kufunguliwa na kusafishwa vumbi na mchanga. Dalili yake ni rahisi: mlio wa raba kavu hupotea mvua ikinyesha na kurudi jua likiwaka. Mgongano wa chuma haujali mvua.

"Itajikalia yenyewe." Raba mpya inaweza kulia kidogo siku za mwanzo. Kishindo hakijikalii, kikiachwa, kinachimba tundu la bolti na kulipanua.

"Fanya alaimenti, itanyamaza." Alaimenti ni lazima baada ya kubadilisha amu, shoki za mbele au tairodi (fimbo za usukani), la sivyo matairi yataliwa upande. Lakini inapanga pembe za magurudumu tu. Nati iliyolegea itabaki imelegea.

"Shoki ya Vitz ni shoki ya Vitz." Vitz ya SCP10 na ya KSP90 ni vizazi viwili tofauti, na hata ndani ya kizazi kimoja gari la kuendeshwa na magurudumu manne linaweza kuwa na spea zake. Agiza kwa namba ya chasisi iliyo kwenye logibuku, na utazame alama za kushoto na kulia kabla ya kufunga. Hapa ndipo ile shutuma ya feki inapostahili kuangaliwa kwa makini: iweke spea mpya kando ya ya zamani, ulinganishe urefu, matundu na unene wa raba. Zikitofautiana, irudishe kabla haijapata mkwaruzo.

Kelele nyingine haziruhusu majaribio zaidi. Boljointi inayocheza ukiisukuma kwa mtaimbo, nati ya boljointi iliyokosa pini yake, usukani unaohama wenyewe, gurudumu linalotetemeka: gari lisimame hapo lilipo hadi lirekebishwe. Boljointi ikichomoka gurudumu hulala chini ya gari, na kwenye mteremko kama ule wa Salgaa hakuna nafasi ya kujitetea. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Na springi ya mbele usiifungue bila vibano vyake vya chuma vilivyo imara. Ina nguvu ya kuua.

Ikikushinda, mpeleke fundi habari iliyokamilika. Mwambie ulibadilisha nini na siku gani, bolti zipi ulikaza gari likiwa juu, kelele inakuja gurudumu likipanda au likishuka, kwenye tuta zima au shimo la upande mmoja, ukiwa na breki au bila. Mwache aendeshe yeye huku wewe ukiwa kando yake, na umwombe akuonyeshe kiungo kinachocheza kwa mtaimbo kabla hujatoa hela ya spea nyingine.